Betri Kubwa ya Mzee Nathanaeli

Wanaotengeneza viredio vya memori, vile vya kuchomekwa kadi ya nyimbo, huko viwandani hawajawahi kukaa peke yao. Stara alikuwa na hakika na jambo hilo kuliko mambo mengi ya dunia hii. Mtu aliyeonja upweke asingeweka taa za rangi saba kwenye kiredio cha mfukoni, ziwake na kuzimika kila ngoma inapolia, zinywe betri bure, na hakuna wa kuziona ila mwenye kiredio na mbuzi wake. Wala asingeweka spika ya kelele za harusini halafu aibandikie betri nyembamba mithili ya biskuti. Lakini ukizing'oa hizo taa, mteja anakuuliza mbona hiki kimepauka, na anahamia kile kinachometameta. Siku ya tatu kimekata pumzi, anarudi kumfokea fundi. Kiwanda hakifokewi na mtu.

Fundi wa kufokewa pale Bahi sokoni alikuwa ni yeye. Kibanda chake cha mabati kilibanana katikati ya duka la pembejeo na mama mmoja muuza vitenge, na kibao juu ya mlango kiliandikwa ABDUL REDIO kwa rangi nyekundu iliyochujuka. Mgeni akija akauliza Abdul yuko wapi, Stara hujibu bila kuinua kichwa, "Abdul ndiyo mimi, leta hicho kitu." Watu walicheka, wakazoea.

Abdul wa kweli, yaani Abdulnasiri, alikuwa mumewe. Walitoka pamoja Kondoa wakiwa vijana, yeye na sanduku la spea, Stara na sufuria zake na mimba ya Salwa. Miaka ikapita, macho ya Abdulnasiri yakaanza kuchoka, asione tena waya nyembamba, na taratibu vidole vya Stara vikawa ndiyo vidole vya duka. Mume akabaki kupokea wateja na kusifia kazi. Kisha akaenda Singida kutafuta spea. Spea alipata, na mke akapata. Alipiga simu kwa adabu zote kumjulisha, akasema vifaa na kibanda ni vya Stara, hatavidai. Stara alisema sawa. Alisema sawa, akakata simu, akaendelea kufunga skrubu aliyokuwa ameishika. Usiniulize alilia lini, maana hakuna aliyemwona.

Salwa naye aliolewa Mwanza. Alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa alisema, "Mama, uza hivyo vidude uje ukae na wajukuu." Mama akajibu, "Nitaangalia." Hakuangalia chochote. Nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe, na yeye alizoea kushika pasi ya kuchomelea waya, si kukaa sebuleni akiulizwa kama chai imekolea.

Basi Stara alikuwa mpweke, na hapana haja ya kulipamba neno hilo. Mtu angemwona katikati ya soko, watu wanaingia na kutoka, asingeamini. Ila mteja wa redio haongei na fundi. Anaongea na redio yake. Anaikodolea macho inavyofunguliwa, anashusha pumzi ikiita, halafu huyoo, ameshaondoka nayo, na fundi amebaki na kiti kilichopashwa joto na makalio ya watu. Kuna siku Stara alifunga kibanda jioni akagundua kwamba maneno yote aliyotamka tangu asubuhi yalihusu waya.

Mzee Nathanaeli alikuwa tofauti.

Alikuja mara ya kwanza siku ya mnada, Jumamosi, mwaka jana kiangazi kilipoanza. Mgogo mrefu, mkavu, shuka begani, umri wa kuamkiwa na kila mtu isipokuwa wachache. Stara alipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaongeza, "Mbukwa," akasubiri. Stara aliishi na Wagogo miaka yote ile, alilijua jibu. "Mbukwa, mzee." Mzee akatabasamu kana kwamba amepewa zawadi, akaketi kwenye benchi, akatoa kiredio chake kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kimekufa kwa vumbi tu. Stara alikisafisha, kikaita. Mzee hakuondoka.

"Hiki ndicho mke wangu sasa," alisema. "Ruthu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wako Dodoma mjini, wana kazi zao. Mimi kiangazi nachunga mbuzi, masika nalinda mpunga. Hiki nikikiwasha, nasikia watu."

Hapo akaanza kusimulia. Alisimulia juu ya Ruthu, aliyekuwa akiimba kwaya na aliwahi kumsahihisha mchungaji mbele ya usharika mzima kwamba ameanza wimbo juu mno. Alisimulia juu ya dume la ng'ombe lililogoma kuvuka reli, likasimama katikati mpaka treni ikapiga breki, na abiria wakashuka kulisukuma. Stara alicheka hadi akaweka pasi chini. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, kilikuwa na kutu.

Wiki iliyofuata mzee alirudi na shida ya kweli. Kiredio kilizimika katikati ya wiki. Alikichaji mnadani Jumamosi, na Jumatano kilikuwa kimya.

Sasa ili kumwelewa Stara, lazima uijue shida ya vitu hivi vidogo. Kiredio kinatakiwa kiwe na sauti, kiwe chepesi, na kidumu. Mambo matatu. Kiboksi kina nafasi ya mawili. Ukitaka sauti na wepesi, betri itakuwa ndogo na itakufa mapema. Ukitaka wepesi na kudumu, basi uvae hedifoni za masikioni, ambazo hazili umeme. Ukitaka sauti na kudumu, ubebe mzigo. Fundi yeyote atakayekwambia vinapatikana vyote vitatu, shika vizuri mfuko wako.

"Vaa hedifoni, mzee," Stara alimshauri.

"Nikivaa, masika mpungani sitasikia ndege."

Ilikuwa kweli. Mlinzi wa mpunga anawasikia kwelea kwelea kabla hajawaona, wanakuja na mvumo wao, wengi hadi kivuli kinapita juu ya shamba. Aliyeziba masikio huwaona wakiwa wameshatua, na wakishatua wamekula.

"Basi punguza sauti."

"Dungu langu la kulindia liko juu, lina upepo. Nikipunguza, naimbiwa na upepo."

Kwa hiyo vilibaki sauti na kudumu, yaani betri kubwa. Na kwenye droo ya chini ya meza yake Stara alikuwa nazo, zile betri nene za duara anazozitoa kwenye kompyuta za mapajani zilizokufa. Mbili tu zikiunganishwa zingekipigisha kiredio cha mzee wiki mbili, pengine tatu. Ilikuwa kazi ya siku moja.

Stara alifungua mdomo kusema hivyo. Akamtazama mzee alivyoketi pale, mikono juu ya magoti, akingoja kwa subira, na kikombe cha kahawa alichompa kikifuka moshi pembeni yake.

"Bodi yake ndogo," akasema. "Haiwezi kubeba betri kubwa. Haiwezekani."

"Haiwezekani kabisa?"

"Kabisa. Wewe kilete tu hapa kila Jumamosi nikuchajie."

Uongo huo ulitoka bila kigugumizi, na Stara mwenyewe alistaajabu ulikokuwa umejificha. Ukishasemwa uongo unahitaji kutunzwa, naye akautunza. Alimwonya mzee asikichaji kwa vijana wenye sola huko vijijini, kwamba chaja zao za haraka zinavimbisha betri. Hilo lilikuwa kweli nusu. Akamwekea chaja ya taratibu, ile inayochukua asubuhi nzima, akamwambia chaja ya polepole huipa betri maisha marefu. Hilo lilikuwa kweli lote, na ndiyo uzuri wake. Kila Jumamosi, mzee Nathanaeli akawa anakaa kwenye benchi la Abdul Redio tangu mnada unafunguka hadi jua linapopita utosini, anakunywa kahawa, anatafuna karanga, anasimulia.

Mwaka ukapita hivyo. Stara alianza kununua karanga Ijumaa. Alianza kujifunga ushungi mzuri zaidi Jumamosi, si kwa mapenzi, hapana, mzee alikuwa wa rika la baba yake mdogo. Ila kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye angeketi na kumtazama usoni akiongea. Mama wa vitenge alimtania, "Leo Abdul ana mgeni." Stara akamwambia atazame vitenge vyake. Jumapili aliikumbuka Jumamosi iliyopita, na kuanzia Jumatano akaanza kuingoja ijayo. Kiredio nacho kilikuwa kinazimika siku hiyohiyo ya Jumatano. Mara chache aliwaza kwamba mzee amekaa kimya kule juu ya dungu siku hizo tatu, peke yake na upepo. Aliwaza, na akaliondoa wazo hilo upesi.

Masika ya mwaka huu mvua zilikuwa nzuri, maji yakajaa mbugani, na mpunga wa mzee ukatoa masuke mazito. Jumamosi moja, mavuno yakiwa bado wiki sita hivi, alifika amechelewa. Hakusema mbukwa. Aliketi, akaweka kiredio mezani.

"Kuna nini, mzee?" Stara aliuliza.

"Ndege."

Alieleza kwa maneno machache, na yeye hakuwa mtu wa maneno machache. Siku mbili mfululizo alikuwa hajapumzika, anazunguka shamba alfajiri hadi magharibi. Jumatano kiredio kilikata. Alhamisi mchana, jua kali, kimya, alijiegemeza kwenye nguzo ya dungu afumbe macho kidogo. Alipoyafumbua, kona ya shamba iliyo upande wa bwawa ilikuwa imefunikwa na ndege, majani hayaonekani. Alipiga kelele, alirusha kombeo, waliruka. Masuke yalibaki yamesimama wima, hayana kitu.

"Kiredio kikilia silali," alisema. "Naimba nacho. Kikizima, ni usingizi tu unaonitembelea. Basi, ndiyo uzee." Akajaribu kucheka. "Ile kona ndiyo nilikuwa nachagua mbegu. Ndiyo kona inayozaa vizuri."

Stara hakuweza kumtazama. Alishika kiredio, akakigeuza, akakigeuza tena. Ndege walikuwa wameingia shambani mwa mzee wa watu kupitia mlango aliouacha wazi yeye, kwa ajili ya kahawa na hadithi za Jumamosi.

"Niachie hiki," alisema. "Nenda kafanye shughuli zako mnadani. Urudi alasiri."

Mzee alipoondoka, Stara alifunga nusu ya mlango, akavuta droo ya chini.

Alifanya kazi ile kama mtu anayelipa. Kwanza aling'oa taa zote za rangi, akazitupa kwenye kopo la takataka. Akang'oa na kioo kidogo cha namba, maana mzee hakukisoma na kilikuwa kinawaka saa zote. Kiboksi cha zamani hakikutosha betri mbili, kwa hiyo alichukua kopo tupu la mafuta ya kupaka, la plastiki ngumu, akalitoboa tundu la spika kwa kisu cha moto. Hapo akapata faida ambayo hakuitegemea. Ndani ya kopo sauti ilipata nafasi ya kupumua, na zile sauti nzito za kwaya, ambazo kwenye kiboksi kidogo zilikuwa zinapotea, zikasikika. Vitufe vidogo alivibadilisha akaweka vitatu vikubwa, kidole chenye matope kiweze kubonyeza bila kukosea: kuwasha, kuongeza, kupunguza. Akavifunika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, vumbi na maji visipite. Kuruka wimbo na kuchagua mwingine hakukuwepo tena. Nyimbo zitalia kwa mpangilio wake mpaka ziishe na kuanza upya. Alifikiri kidogo juu ya hilo, akaona ni sawa. Anayelinda mpunga hana mkono wa kuchagua nyimbo.

Mwisho alikipima mkononi. Kilikuwa kizito, nusu kilo ya sukari na zaidi, kitu cha kubebwa begani kwa mkanda. Kibaya cha sura, Mungu anisamehe, mfano wa kopo la mafuta lililomeza redio. Lakini kingedumu.

Mzee alipokipokea alikishusha na kukipandisha. "Kizito."

"Ni betri."

"Kumbe iliwezekana?"

"Nimepata betri nyingine," Stara alisema. Hata wakati huo hakuweza kuusema ukweli. "Itakaa wiki mbili, tatu. Na nimekuwekea waya wa sola. Betri hii haivimbi ovyo, hata vijana wa huko kijijini wanaweza kukuchajia."

Mzee alikitazama kile kitu. Stara alitegemea furaha. Uso wa mzee ulikuwa na shukrani, ndiyo, ila nyuma ya shukrani kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitambua.

"Asante, mama Salwa," alisema hatimaye, akasimama, akavaa mkanda begani. "Umenifanyia wema. Basi nitapumzika na hizi safari."

Akaondoka kabla kahawa haijapoa.

Jumamosi iliyofuata Stara alinunua karanga kwa mazoea, na akazila mwenyewe. Ya pili yake hakununua. Kila shuka iliyopita mlangoni ilimfanya ainue kichwa. Alijiambia kazi imefanyika vizuri, fundi anafurahi kitu chake kisiporudi, na kweli ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Watu wakaanza kuja wakitaka "redio ya kopo, ile ya mzee Nathanaeli". Aliwatengenezea. Walichukua makopo yao, hawakurudi tena, kwa kuwa hayakuharibika. Mama wa vitenge akasema Abdul atatajirika. Stara alikuwa hajawahi kuwa na wateja wengi hivyo wala kuwa peke yake kiasi hicho. Jioni alikuwa akifunga mlango polepole, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na cha kuwahi.

Salwa alipopiga simu Ijumaa alimuuliza, "Mama, uko sawa? Sauti yako imekuwaje?"

"Vumbi tu, mwanangu."

Ilipofika Jumamosi ya tano Stara hakufungua kibanda. Aliweka pasi na koleo kwenye mkoba, akamwita Shaaban wa bodaboda, akamwambia ampeleke mashambani upande wa bwawa. Akiulizwa, atasema anakwenda kukagua kama waya wa betri umeshikilia. Alilirudia jibu hilo njiani kote, pikipiki ikirukaruka kwenye matuta, hadi yeye mwenyewe akakaribia kuliamini.

Alikisikia kiredio kabla hajaliona dungu. Kwaya ilikuwa ikiimba, na besi ilitambaa juu ya mpunga, nzito na safi. Alijivunia, hakuna ubaya kusema. Shaaban alimshusha kwenye kingo za majaruba, naye akatembea akinyanyua gauni.

Hakumkuta mzee peke yake. Chini ya dungu palikuwa na moto na sufuria ya chai, na walinzi wa mashamba ya jirani wameketi: Joshua, jamaa mmoja mfupi, mchangamfu, mwenye kofia ya chama cha msingi, na Hilda, mjane anayelima jaruba la pili. Walihamia pale kwa ajili ya muziki. Kila mmoja aliweza kuona shamba lake kutoka hapo, na ndege walipokuja waliinuka wote pamoja. Mzee Nathanaeli alikuwa amesimama katikati yao akisimulia, mikono hewani, na Stara alijua kwa mikono ile tu kwamba dume la ng'ombe limefika relini.

"Huyu ndiye fundi mwenyewe!" mzee alisema alipomwona, na wote wakainuka kumpokea. Hilda alimpa kikombe cha chai na kigoda. Joshua alimsifia kopo. Mzee alimalizia hadithi, treni ikapiga breki, abiria wakashuka, na Stara akacheka mahali pake pale pale pa siku zote. Walikuwa wema sana kwake. Ila alikuwa mgeni, akipewa kigoda kizuri zaidi kama wapewavyo wageni, na hakuna aliyekuwa na kitu kilichoharibika. Alikigusa kiredio, akavuta waya mmoja, akausukuma mwingine. Kazi ya kukagua ikaisha papo hapo.

Ndipo Hilda akaelekeza kidole angani. Wingu dogo, jeusi, lilikuwa likijikunja upande wa bwawa. Joshua na Hilda waliondoka mbio, kila mtu na kombeo lake, wakipiga makelele. Mzee alibaki kwa heshima ya mgeni.

"Mbona huji mnadani siku hizi?" Stara aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Nije kufanya nini? Kiredio hakizimi."

"Hata chumvi hununui?"

"Joshua ananiletea." Mzee alichezea mkanda wa kiredio. Kisha akasema taratibu, "Mama Salwa, mimi ni mtu mzima. Mwaka mzima nimekukalia kwenye benchi lako, nakupigia porojo, na wewe una kazi za watu. Ulipoona nimezidi, ukanitafutia betri ya kunikalisha huku. Sikukasirika. Ulinifukuza kwa adabu."

Stara aliweka kikombe chini.

"Sikuitafuta," alisema. "Hiyo betri ilikuwepo."

"Wapi?"

"Kwenye droo. Tangu siku ya kwanza uliponiomba."

"Ulisema haiwezekani."

"Nilisema. Mzee, kama ningekuwa nimekuchoka, ningekuwekea siku ile ile."

Alimwona akilichukua jambo hilo na kuligeuza, polepole, mpaka likafika mahali pake. Mzee hakucheka. Aligeuza shingo akaitazama kona ya shamba, ile ya mbegu, ambapo mabua yalisimama matupu, na akaitazama kwa muda mrefu. Kiredio kilikuwa kinaendelea kuimba kana kwamba hakuna kitu.

"Ile kona," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Nilijilaumu mimi. Nilisema ni uzee."

"Najua, mzee."

Mzee akatikisa kichwa, na Stara alipojikaza kupokea hasira, haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa kilikuwa chepesi mno.

"Ungesema tu, mama Salwa. Ningekuja hata bila redio."

Abdulnasiri alipopiga simu kutoka Singida, Stara alisema sawa. Salwa alipouliza kama yuko sawa, alisema vumbi. Aliweza kufungua kitu chochote chenye skrubu na kukifunga tena kikiwa kizima, na hajawahi hata siku moja kumwambia mtu kwamba anamhitaji. Hakujua hata sentensi yenyewe inaanzaje.

Wingu la ndege lilikuwa limevuka jaruba la Hilda. Mzee alichukua kombeo lake na kushuka kingoni, akaanza kutembea kwa haraka kwenye mpunga, shuka ikipepea. Mgongo wake ulikuwa unazidi kuwa mdogo.

"Njoo Jumamosi!" Stara alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikamezwa na kwaya. Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe, akaizima ile kazi yake nzuri kuliko zote. Pakawa kimya. Akasimama. "Mzee! Jumamosi njoo! Ukae!"

Mzee Nathanaeli aligeuka akiwa mpunga umemfika kiunoni. "Asubuhi au mchana?"

"Asubuhi!" Stara alipaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza maishani mwake, na ndege waliokuwa wanatua wakaruka wote.